Rumba Juu ya Sauti ya Babu

Rosa, leo ndiyo mama ameniambia kwa nini huwa hamsalimu Dishon. Keti chini kwanza.

1992 huyo Dishon alikuwa mwenyekiti wa chama cha historia hapa Kisumu. Alimrekodi babu, Mzee Badru, akieleza vile mtaa wetu wa Kaloleni ulianza. Babu akafariki. Mama akaenda chamani asikie sauti ya babake tena.

Dishon akaweka kanda. Ikatoka rumba.

RUMBA, Rosa! Alikuwa amerekodi harusi ya binti yake juu ya babu!

Eti, "Pole Mama Subira, kanda zilikuwa zimeisha."

Mama akaichomoa kanda, akaitia mkobani, akatoka.

Na huyo takataka akamfuata mpaka barabarani, "Mama, tafadhali rudisha, hiyo ni kumbukumbu ya familia!"