Kitambaa cha Kijani Bungeni

Jumatano, Al Mankhool

Wamempa zamu ya mwisho ya kuzungumza tena mbunge wetu, kule bungeni Nairobi. Hana chama, basi hana wa kumpigania. Nilimtazama kwenye simu wakati wa chai na Nakato, Mganda ninayelinda naye jengo.

"Mbona viti vitupu hivyo?" akauliza.

Walikuwa wakijadili kama wasichana wapigwe marufuku kuja kufanya kazi huku Ghuba. Nilikuwa nimeshakasirika, maana sisi hakuna aliyetuuliza. Mbunge wetu akasimama. "Mheshimiwa Spika, kila Jumapili nje ya kanisa kuna mama mwenye kitambaa cha kijani chenye nyota za dhahabu. Hunishika mkono aniulize mwanawe atarudi lini." Muda ukaisha, kipaza sauti kikazimwa.

Kitambaa hicho nilikinunua mimi, huku sokoni Al Ras, nikamtumia mama Krismasi.

Nikipiga simu mama husema, "Tuko sawa, fanya kazi mwanangu." Miaka mitatu hajaniuliza narudi lini.

"Yalla, turudi getini," Nakato akasema. Nikasimama mlangoni nikiwafungulia watu.

Kumbe mama huuliza. Na mimi miaka yote hii nangoja aniulize.