Ile "Bado" Yako, Mama

Mama yangu,

Habari ya hapo Majengo? Mgongo umepata nafuu, au ungali unajifanya kijana mbele ya magunia ya makala, mkaa kama wanavyouita huku? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umejaa kinyaa, na nisipokwambia wewe nitamtapikia mtu asiyehusika.

Unakumbuka nilikueleza ile mashine ya hapa chuoni Dar: chumba cha rubani kisicho na mabawa, kimefungwa sakafuni, na dunia unaiona kwenye vioo kama televisheni. Humo ndimo tunamopimwa kabla ya kugusa ndege ya kweli. Kinanuka jasho la kila mtu. Vile vya kuvaa masikioni vina unyevu wa masikio ya wenzangu, na mwalimu hukaa nyuma yangu akila chipsi, kisha anabonyeza vitufe kwa vidole vyenye mafuta. Nakichukia kile chumba.

Lakini aliyenichukiza zaidi ni mimi mwenyewe. Kujua wakati wa kuanza kushuka ni hesabu ya mtoto wa primeri. Uko juu futi elfu kumi? Kumi mara tatu: unaanza kushuka zikibaki maili thelathini kufika uwanjani. Naijua hata usingizini. Jumatatu iliyopita nikaipiga sawasawa, maili thelathini zikafika, mkono ukakataa. Ishirini na tano. Ishirini. Mbele ni pwani tupu, tambarare kama meza, nami niko juu kulekule.

"Mkongo, utashuka Krismasi?" mwalimu akauliza, akiniita kwa nchi yetu kama kawaida yake.

Nikainamisha pua ya ndege kwa pupa, taa nyekundu zikawaka, uwanja ukapita chini yangu. Hiyo ni mara ya pili kufeli. Nikifeli ya tatu narudishwa nyumbani, na wewe ulishatangaza kanisani kwamba mwanao ni rubani.

Kumbe sauti zetu hurekodiwa. Mwalimu akaicheza yangu mbele ya darasa zima. Mama, nilijisikia nikinong'ona, "Bado, papa, bado kwanza. Mulima iko pale."

Ile yako! Tangu utoto wetu, ndege ikitokea upande wa Beni unainua mwiko wa kukorogea sombe, sote tunatoka uani, tunamwambia papa rubani bado, bado, mpaka aumalize mlima wa moto.

"Unazungumza na nani?" mwalimu akauliza.

"Na rubani."

"Rubani ni wewe, dada."

Wenzangu walicheka hadi machozi. Nilitamani kuwamwagia zile chipsi. Sikulaumu, Mama, tunajua kwa nini Majengo huogopa ndege inayoshuka mapema ikaugonga mlima. Ila hapa hakuna mlima, na hofu yako imehamia mkononi mwangu.

Nisalimie Koko, mama yako, mwambie nakula vizuri. Salimia dada mkubwa anayekaa Keshero na shemeji. Na jirani yetu Mnande anayeuza maharagwe, maana yeye ndiye hupiga kelele za bado kuliko sisi wote.

Narudia mtihani Jumanne, saa tatu asubuhi hapa, saa mbili kwenu. Wakati huo acha lolote unalofanya, toka uani na mwiko wako, hata kama hakuna ndege juu. Useme, "Shuka sasa, mutoto yangu. Shuka."

Binti yako anayekusikia kuliko unavyodhani,
Furaha