Antena Kwenye Bomba la Juma

Jumatatu, 8 Julai

Nimefua. Nimeanika. Athumani ameamka na joto, nikampangusa kwa kitambaa cha maji mpaka likashuka. Akanyonya, akalala. Saumu ametoka shule, akatupa mkoba mlangoni, akavuka njia kwenda kwa Mama Mutua kuangalia katuni. Hakula. Hata kuniangalia hakuniangalia.

Siwezi kumfuata. Mimi kizuka, mjane, niko edani. Mpaka eda iishe, mlango wa mbele si wangu. Nasimama nyuma ya pazia kuangalia mlango wa Mama Mutua. Ni pale tu, njia ya mkokoteni katikati, lakini kwangu ni kama ng'ambo ya feri. Nikitaka mtoto arudi namtuma mavyaa, mamake marehemu mume wangu Juma. Naye ana magoti mabovu na macho yamefanya ukungu. Leo kamrudisha giza limeshaingia. Mtoto kashiba chapati za watu. Amepanda kitandani.

Miaka sita, na tayari hakai kwake.

Televisheni yetu ipo. Imefunikwa leso tangu siku ya mazishi. Hata kabla ya hapo haikuwa na maana, waya umening'inizwa dirishani, chaneli moja, mtangazaji hana kichwa. Juma alisimamisha bomba la chuma pembeni mwa nyumba, akalimwagia zege mwenyewe, akamwambia Saumu antena inakuja mwisho wa mwezi. Mwezi haukuisha. Ukuta wa timbo la mawe ulimwangukia huko Mwakirunge, yeye peke yake, wenzake walikuwa wamekwenda kula.

Bomba limebaki tupu. Alikuwa akirudi jioni, mweupe kwa vumbi la mawe mpaka kope, analigonga kwa patasi yake kabla ya kuingia. Mimi jikoni najibu, "Tupo." Saumu anatoka mbio. Tangu siku ile hakuna aliyeligusa.

Jumatano, 10 Julai

Nimemwambia mavyaa nataka kuweka antena. Ameigeukia leso iliyofunika televisheni. Kisha:

"Nyumba ina msiba, Mama Saumu. Watu watasemaje? Mume hajakauka kaburini, mke anaangalia sinema?"

Nikamwambia si mimi nitakayeangalia. Ni mtoto. Nataka akae nyumbani kwake. Nikamwambia pia kwamba nikimkosa Saumu sasa, nitakuwa nimewakosa wawili.

Kachukua tasbihi yake kaingia chumbani. Mchana hakula mchicha niliopika.

Nimechoka. Nina hasira na Juma. Kama ni haramu kumkasirikia maiti, sijui. Nina hasira naye.

Alhamisi, 11 Julai

Mama Mutua amekwenda dukani kwa niaba yangu. Nimechagua antena kwa simu, kama mtu anayechagua nguo ya arusi asiyoweza kuishika. Akanitumia picha. Moja ndogo, bapa, nyeupe, ina waya wa stima wa kuiongezea nguvu. Nyingine ndefu, miba pande mbili kama samaki aliyeliwa akabaki mifupa. Muuzaji anasifu ile ndogo. Ni ya kisasa, anasema, haichukui nafasi.

Nafasi iko juu, ya bure. Nikamuuliza Mama Mutua miba ni ya madini gani. Akapeleka sumaku ya mlango wa friji ya dukani, haikushika. Basi si chuma. Nikasema hiyo hiyo. Hewa ya hapa inakula chuma, mwaka mmoja kinageuka unga. Na stima ikipotea, kama inavyopotea, ile ndogo ni pambo.

Nimejishangaa. Mara ya kwanza tangu msiba kuamua jambo.

Saumu nimemwonyesha picha. Ameitazama, akauliza nani atapanda juu. Nikasema Baba Mutua, yeye kazi yake ni stima bandarini, anazijua nyaya. Akafurahi. Nimeona meno yake.

Jumamosi, 13 Julai

Baba Mutua kaja na ngazi baada ya adhuhuri. Mtu mrefu, mpole, wa bara wanakomwita bibi shosho, anaongea kama anayeogopa kuvunja vyombo. Nimekaa ndani, mlango umerudishwa. Mavyaa alikuwa kibarazani, kanuna.

"Shosho, habari ya mchana?"

"Shosho ndiyo nani? Mimi Bi. Mwanakombo."

"Pole, Bi. Mwanakombo. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa umesema."

Akaifunga antena kwenye bomba. Akaielekeza kule zinakoelekea antena zote za njia yetu. Hakuna kitu. Akaizungusha. Hakuna. Akashuka akasema tatizo ni ghorofa. Juma alipomwaga zege, nyuma yetu palikuwa na kiwanja na mbuzi. Sasa kuna nyumba mpya ya ghorofa moja, imesimama sawasawa mbele ya bomba, inaziba. Wengine wote antena zao ziko upande wa pili wa paa. Akasema kwa upole bomba ling'olewe, lihamishwe. Akaomba mtaimbo.

Nikangoja mlio wa mtaimbo, haukuja. Nikachungulia tundu la mlango. Mavyaa kasimama, kalishika bomba kwa mikono miwili. Yule yule asiyetaka antena. Hatoki. Baba Mutua kasimama na mtaimbo, hajui aweke wapi macho.

Sikuweza kutoka. Nikamwita Saumu dirishani, nikampa maneno ayapeleke. Mwambie Baba Mutua bomba halitoki. Atafute bomba jingine aliunganishe juu ya hili, lipite ghorofa.

Saumu akayapeleka. Nikasikia Baba Mutua anasema, "Sawa. Mamako ameamua."

Mavyaa ameachia. Ameingia ndani, ameketi karibu nami, mikono yake ina kutu. Nimemletea maji ya kunawa. Hakunawa.

Jumapili, 14 Julai

Wametoka kanisani, Baba Mutua kaja na bomba la pili na kipande cha kuungia. Kazi ya kuunga imechukua muda. Baadaye taabu ikawa nyingine. Yeye juu anazungusha, ndani lazima awepo mtu wa kumwambia bado au hapo. Mavyaa akasema sauti ya kizuka haivuki kizingiti kwenda kwa mwanamume wa nje. Atasema yeye.

Akakaa mbele ya televisheni, pua karibu iguse kioo. "Imekuja!" Baba Mutua akafunga nati, akashuka, akaja mlangoni kuuliza ni chaneli gani. Nikaangalia. Skrini ya buluu, maandishi meupe, hakuna mawimbi. Mavyaa akasema yeye ameona bahari.

Nikacheka. Nikaziba mdomo kwa mtandio. Mavyaa naye mabega yalimtikisika. Kisha tukakumbuka.

Nilimwita Saumu ndani aangalie yeye. Akakataa. Alikuwa ameshika ngazi, shingo ameikunja nyuma, macho juu kwa Baba Mutua. Nikamwita tena kwa ukali. Hakusogea.

Basi nikachukua sufuria na mwiko. Nikampelekea Baba Mutua maneno kupitia mavyaa. Pigo moja, bado. Mawili, hapo hapo. Nikaanza. Ngwe. Ngwe. Ngwe. Mkono ukauma. Athumani akaamka analia, nikampakata huku napiga. Ngwe. Picha ikaja vipande vipande, ikaganda, ikapotea. Ngwe. Kisha ikaja nzima. Mwanamke anasoma habari, ana kichwa. Ngwe ngwe.

Nimekaa chini na sufuria mapajani. Nilitaka kumwambia Juma. Kabla sijakumbuka, nilitaka kumwambia.

Jumatatu, 15 Julai

Kaja mwanamke wa nyumba ya pili kuomba chumvi. Chumvi haikuwa shida yake. Kaketi, kaitazama leso iliyokunjwa, kaitazama televisheni.

"Jana tulisikia ngoma kwenu, jamani. Mimi nikadhani kuna posa. Nikasema, haraka hivi?"

Damu ilinipanda.

Mavyaa akajibu kutoka kwenye mkeka, taratibu, bila kuinua uso. "Ngoma ilikuwa yangu. Nilipiga mimi. Na posa ikija nitakuita, ulete sufuria yako."

Kaondoka bila chumvi.

Mavyaa hakuniangalia. Akauliza kama kuna chaneli ya mawaidha. Nikamtafutia. Amekaa nayo mpaka alasiri, macho ameyafumba, anaitikia kwa kichwa.

Nampenda. Sijawahi kuiandika hiyo.

Alhamisi, 18 Julai

Saumu ameangalia katuni nyumbani Jumatatu. Jumanne kidogo. Jana hakukaa. Leo ametupa mkoba, akala wima, akavuka njia.

Televisheni ilikuwa inawaka. Picha safi, kila uso una kichwa. Katuni ile ile, saa ile ile. Hakuna wa kuiangalia ila Athumani, naye anaangalia taa nyekundu.

Nimevunjika moyo. Yote yale kwa nini. Nilimchapa mtoto aliporudi, kofi moja mguuni. Hakulia. Nililia mimi.

Ijumaa, 19 Julai

Leo nimesimama nyuma ya pazia toka alasiri. Nilitaka kujua kwa Mama Mutua kuna nini ambacho kwangu hakipo.

Mlango wao ulikuwa wazi. Televisheni yao naiona kutoka hapa, ni ndogo kuliko yetu. Watoto wake wamelala kifudifudi mbele yake. Saumu hayuko nao. Saumu amekaa kwenye kizingiti, kaipa katuni mgongo, anaangalia njia.

Saa ya watu kutoka kazini Baba Mutua akatokea pembeni, kofia ngumu mkononi. Watoto wakainuka mbio. Akawashika vichwa mmoja baada ya mwingine, mkubwa, wa kati, mdogo. Mwisho wa mstari alikuwa Saumu. Akamshika kichwa naye, bila kufikiri, kama mtu anayehesabu wanawe. Akaingia ndani.

Saumu akabaki mlangoni kidogo. Mkono wake juu ya kichwa, pale pale.

Nimekaa chini ya dirisha.

Jumamosi, 20 Julai

Jana aliporudi nilimwogesha, nikamsuka. Akiwa katikati ya magoti yangu hawezi kukimbia. Nikamuuliza polepole kwa Mama Mutua anakwenda kuangalia nini.

"Naangalia babake Mutua akija. Akishakuja narudi."

Basi. Hakuna zaidi. Nikaendelea kusuka, mistari ikaenda kombo, nikafumua nikaanza upya.

Usiku nimefikiri nimkataze. Naweza. Mavyaa atanisaidia, milango ina komeo. Lakini nimkataze nini? Nimwambie aache kutazama mtu anayerudi?

Asubuhi nimemwambia hivi. Nenda. Ukimwona amefika, mwamkie shikamoo, urudi kwa miguu yako kabla ya magharibi. Bibi hakufuati tena, magoti yake yanauma. Usile chapati zao kila siku, nao wana watoto. Siku asipokuja mapema, hungoji. Unarudi.

Akauliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. Akauliza kama baba atakasirika. Nikasema baba alipenda watu wafike nyumbani.

Sijui kama ni jibu. Ndilo nililokuwa nalo.

Jumanne, 23 Julai

Mvua ya manyunyu mchana kutwa. Nguo hazijakauka. Athumani ameota jino la pili, ameniuma. Kiberiti kimelowa, nimeazima moto.

Saumu alivuka njia alasiri. Sikusimama dirishani. Nilikaa uani nachambua mchele. Ndani mavyaa alikuwa na mawaidha yake, sauti imepandishwa mpaka mwisho, ati ndiyo anaona vizuri.

Mchele uliisha. Nikaanza kuuchambua tena.

Kabla ya magharibi nikasikia pembeni mwa nyumba jiwe linagonga chuma. Mara tatu, si kwa nguvu. Mkono mdogo. Mavyaa akaita kutoka ndani, sauti imembadilika, picha imekatika, nani huko.

Nikaweka ungo chini. Nikasema, "Tupo." Nilisema kwa sauti. Imevuka kizingiti, najua.

Mavyaa akapunguza sauti ya televisheni. Kisha naye akasema, "Tupo."

Saumu akaingia, miguu ina matope, jiwe bado mkononi. Akauliza kama kuna uji. Picha ikarudi yenyewe.