Mikate Sita Kifudifudi

4 Low Shore,
Whitehills, Banff.
Alhamisi, 13 Februari 1969

Mpendwa Shangazi Elspet,

Pokea salamu nyingi kuliko dagaa wa wavu mmoja. U hali gani huko Dunedin? Mumeo Hector je, na binamu zangu Morag na Neil, wanazidi kunenepa kwa kondoo wa New Zealand? Bibi, yaani mama yako, hajambo, ila lile goti la kushoto bado linatabiri hali ya hewa kuliko redio. Mama hajambo. Mimi ndiyo usiseme: nimetimiza miaka kumi na saba, ndevu nazo zimefika saba, na wasichana wa soko la samaki wameanza kuziona bila kuonyeshwa.

Ningependa kuandika kwamba Baba naye hajambo, lakini sijui. Afadhali niseme mapema, maana nimeuzunguka mstari huu kama paka anayezunguka samaki wa moto. Kaka yako alitoka Jumatatu alfajiri na wenzake watano ndani ya mashua yetu *Elspet*, na tangu Jumanne mchana hakuna aliyesikia sauti yao. Upepo wa kaskazini umevuma siku mbili mfululizo. Shangazi, naogopa. Nimeliandika neno hilo kwa wino na silifuti.

Barua hii itakaa njiani zaidi ya wiki. Utakapoisoma utakuwa unajua mwisho, kwa sababu habari mbaya hupanda telegramu. Mimi niandikaye ndiye niliye gizani. Kwa hiyo usinishangae nikianza kukueleza habari za mikate. Mikate ndiyo iliyotufikisha hapa.

Si wewe uliyeuliza? Katika barua yako ya Krismasi ulisema mkate wa huko ni pamba yenye ganda, kwamba unaota rowi ya nyumbani, ule mkate wetu bapa wa chumvi na mafuta, na kwamba kwa kuwa Mzee Mutch amekufa na tanuri lake limepoa, tukutafutie ni mwokaji gani sasa pwani hii anayeweza kuaminiwa, na siri yake ni nini. Ukasema apewe kazi hiyo mtu mwenye akili. Wakatazamana, wakaona nimebaki mimi.

Nilifanya kazi kama profesa, Shangazi, ingawa mwalimu wangu alisema nisingeweza kufaulu hata mtihani wa kufunga kamba za viatu. Jumamosi nilipanda baiskeli kutoka Portsoy hadi Gardenstown, na ule mteremko wa Gardenstown unaujua, breki zangu ni soli za viatu. Nilipita kwa waokaji sita, na kwa kila mmoja nikanunua rowi moja.

Yule mama wa dukani Banff alinitazama kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu.

"Wewe si mtoto wa Alec Lovie? Rowi moja tu? Kwenu kuna msiba?"

"Naonja, mama. Mimi ni hakimu."

"Hakimu wa nini, na kamasi inakuning'inia? Futa pua kwanza ndipo uhukumu watu!"

Nikafuta. Hakimu lazima awe safi.

Wa mwisho alikuwa Wattie Nicol wa Gardenstown, mzee mdogo kama kizibo, nyusi zimejaa unga. Nikamwuliza siri yake ni nini, akacheka hadi unga ukamdondoka. Akasema chumvi iwe nyingi kuliko unavyothubutu, donge usilikande kana kwamba una kisasi nalo, na mafuta yawe ya yule jamaa mwenye mkia uliojikunja. Jina la mnyama huyo sisi watu wa bahari hatulitaji, unajua, naye hakulitaja. Hata hivyo nilishika chuma cha baiskeli kufukuza nuksi, na hapa ninapoandika nimeshika kitasa cha mlango kwa mkono wa kushoto.

"Lakini usinionje leo," akasema. "Siku ya kwanza kila mtu ni fundi. Rowi ilizaliwa kwa ajili ya watu wa baharini. Nionje siku ya tatu, ndipo uje unitukane."

Nikaona mzee ana hoja. Ndiyo maana hukumu ikawa Jumatatu.

Sasa naomba ukae kitako. Jumatatu niliamka kabla ya wote nikazipanga rowi zangu sita mezani, kila moja na kikaratasi chake cha jina. Rowi ya siku ya tatu hujulikana kwa tumbo lake, yaani upande wa chini. Ikiwa imelegea na inatoa mafuta, mwokaji ni mvivu. Ikiwa kavu na bado inakatika matabaka matabaka, huyo ni mwokaji. Nikazipindua zote. Zikalala kifudifudi mezani, juu chini, tumbo likitazama dari, sita, kwa mstari, asubuhi ya mashua kutoka.

Najua umeshika kichwa. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa, Shangazi, kama mtoto wa wakulima. Mkate uliolala kifudifudi mezani hupindua mashua. Wewe mwenyewe Bibi alikuchapa kwa jambo hilohilo ukiwa na miaka sita, na husema mpaka leo kwamba kofi lile ndilo lililokukimbiza New Zealand.

Baba akaingia na viatu vyake virefu vya mpira, anatafuta mfuko wake. Mama alikuwa kule nyuma anamjazia chupa ya chai. Baba akasimama, akatazama meza, akahesabu kwa kidole.

"Sita. Na sisi tuko sita." Akaangua kicheko. "Doddie, mwanangu, umetuzamisha wote hata chai hatujanywa!"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na shali yake. Sikujua amefika saa ngapi.

"Alec, usicheke."

"Ah, Mama! Rowi ni mkate hii? Hii ni soli ya kiatu iliyokanyagwa na farasi. Halafu kila siku si tunazigeuza, tunapaka siagi chini?"

"Mkononi! Unageuza mkononi, unapaka, unatia mdomoni. Mkononi ni mkononi, mezani ni mezani. Mdharau mwiba, mguu huota tende."

"Basi viatu nimevaa," akasema Baba. Akambusu juu ya kitambaa chake cha kichwa, akatupa mfuko begani. Tayari yuko nje, akanipigia kelele: "Niwekee mshindi!"

Bibi alizigeuza rowi zote sita kwa mkono wake, moja moja. Ya sita aliishika muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mama yako asijue." Ni hayo tu. Ningependa anitukane. Bibi asiyetukana ni jambo la kutisha, Shangazi, wewe umelelewa naye.

Siku hizi kila nyumba ya barabara yetu ina redio inayoshika sauti za mashua. Yetu iko juu ya kabati la vyombo. Jumanne saa nane mchana tulimsikia Baba akisema bahari inachafuka, wanavuta wavu wa mwisho, halafu anamcheka nahodha mmoja wa Macduff kwamba wavu wake hukamata viatu tu. Baada ya hapo, kimya. Tangu siku ile manahodha wengine wanamwita kwa zamu. "*Elspet*, *Elspet*, unanipata?" Kisha sauti ya mvumo tu, kama kitu kinakaangwa. "*Elspet*, *Elspet*." Kutwa nzima wanaita jina lako, Shangazi. Bibi anaitazama ile redio kana kwamba umejificha humo ndani mwenyewe na unakataa kumwitikia.

Jana yule bwana wa kola nyeupe, asimamaye mimbarini Jumapili, alishuka barabara yetu. Kazi yake siitaji watu wakiwa baharini, lakini unajua huja kwa nini siku za upepo. Wanawake wote walirudi nyuma ya mapazia. Nilimwona akija nyumba kwa nyumba, akafika kwenye lango letu, akasimama. Mama alikuwa ameshika sahani na kitambaa, akawa anaifuta sahani ileile upande uleule. Yule bwana akainama, akafunga kamba ya kiatu, akaenda zake. Shangazi, nimewahi kupigana na watoto wawili wa Portsoy kwa wakati mmoja na nikashinda, uliza yeyote isipokuwa hao wawili. Lakini jana nilisimama nyuma ya Mama.

Nimejipa kila hoja. Kwamba rowi si mkate mkubwa. Kwamba upepo ulikuwa unakuja tu, goti la Bibi lilisema tangu Jumapili. Kwamba tuko mwaka 1969 na watu wanataka kutembea mwezini. Mchana hoja hizo zinasimama vizuri. Halafu redio inaita, zote zinakaa chini.

Mshindi nimemweka ndani ya bati la biskuti, tumbo chini, mgongo juu. Simtaji hapa ni nani mpaka Baba aambiwe kwanza, maana yeye ndiye aliyeagiza awekewe. Nimelifungua bati hilo labda mara ishirini leo, kuangalia kama rowi haijajipindua yenyewe.

Nitaiacha barua hii wazi. Siwezi kuandika salamu za mwisho.

Jumamosi, 15 Februari

Shangazi, usiruke mistari, naijua tabia yako. Lakini haya, ruka: wako hai. Wote sita.

Jana baada ya chakula cha mchana sauti ya nahodha mmoja wa Wick ilitoka redioni, akasema polepole kama mtu anayesoma orodha ya sokoni, kwamba ameiona *Elspet* imetia nanga nyuma ya kisiwa kimoja cha Orkney. Mlingoti wa redio umevunjika, injini ilizimika na imewaka tena, na watu wote wamesimama sitahani wanampungia mikono na kumtukana. Mama akaidondosha ile sahani. Bibi akasema, "Ilikuwa mbovu hata hivyo." Kisha akakaa juu ya ndoo ya makaa akalia, na mimi nikatoka nje kuangalia baiskeli yangu, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Leo asubuhi waliingia gatini. Ile mashua iliyopewa jina lako, au wewe ulipewa jina lake, nasahau nani alianza, imechubuka ubavu mzima. Lakini bado mna umbo moja: pana nyuma, na haizami.

Baba alikuja nyumbani kwa miguu yake. Amepungua. Shingo imebaki ndani ya sweta kama fimbo ndani ya ndoo. Nilikuwa nimeandaa la kusema, nimelikariri tangu gatini, lakini alinitangulia.

"Mshindi yuko wapi?"

Nikafungua bati. Rowi ya Wattie Nicol wa Gardenstown, siku ya nane, imekauka lakini bado ina heshima zake. Bibi akaipasha moto, akaiweka kwenye sahani mbele yake. Baba akachukua kisu.

Sasa unajua, Shangazi, hakuna mtu wa pwani hii apakaye siagi mgongoni mwa rowi. Mgongo una vilima na mabonde, siagi haishiki. Unaigeuza mkononi, unapaka tumboni palipo laini, tangu zamani za Nuhu. Baba akaiinua. Akaanza kuigeuza. Ikafika nusu, mkono ukasimama pale hewani.

Akairudisha juu ya sahani kama ilivyokuwa. Akapaka siagi mgongoni, taratibu, siagi inaruka vilima, makombo yanamwagika mezani.

Mama akacheka. "Alec! Umesahau kula rowi kwa siku tano tu?"

"Nimeamua kujaribu upande huu."

Hakunitazama. Bibi ndiye aliyenitazama. Nikachukua rowi yangu kwenye mfuko wa dukani, nikapaka siagi mgongoni, ikadondoka suruali nzima, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii mimi nilifanya jambo la kijinga na hakuna aliyenicheka.

Basi jibu la swali lako ni Wattie Nicol, na siri yake nimekwisha kukuandikia. Asubuhi hii nilikuwa nimekufungia rowi zake mbili, nilizonunua kwake jana jioni, ndani ya bati ziende kwa meli, nimeandika juu kwa herufi kubwa upande upi uwe juu. Bibi akaja akanitazama nikifunga kamba.

"Na nani atakayezishika zisipinduke mpaka Dunedin?"

Nikafikiria lile shimo la meli, mawimbi ya wiki sita, na watu waliomo ambao hata sijui idadi yao. Nikafungua kamba. Tumezila hapahapa, Shangazi, samahani. Ukizitaka itabidi uje mwenyewe, na ukija ukae mezani kwetu, usiulize kwa nini nyumba nzima sasa tunapaka siagi upande mbaya.

Msalimie sana mumeo Hector, na Morag na Neil, uwaambie mimi ni mrefu kuliko ile picha. Bibi anakusalimu na anasema jina lako limempa taabu wiki nzima, kwa hiyo umwandikie. Mama anakusalimu. Baba amelala kwenye kiti na viatu miguuni, nimemsalimia kwa niaba yako.

Mungu ashike usukani wa nyumba yako kama alivyoushika wa kaka yako.

Wako akupendaye, hakimu wa mikate aliyejiuzulu,
Doddie Lovie