Kabati Lililoganda Samli

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Kahama sote wazima, na ng'ombe wa mama yako amezaa. Unauliza kama upake kabati la jikoni rangi mpya juu ya ile ya zamani.

Nilipoolewa Geita, kabati letu lilikuwa limeganda samli, na mama mkwe alikuwa njiani kutoka Mhunze kuja kuniona.

"Paka hivyo hivyo, hatajua," babu yako alifoka.

Rangi haishiki penye samli. Nikaendelea kusugua kwa majivu na msasa. Lori lilipomshusha mama mkwe, kabati lilikuwa na mabaka, nami nikapiga magoti kumwamkia, mikono imejaa majivu. Akapitisha kidole kwenye ubao, akakinusa, akakaza kanga kiunoni.

"Nipe msasa," akasema.

Rangi tuliyopaka ndiyo iliyoko jikoni kwangu mpaka leo.

Bibi yako