Kiti Ulichomwachia Baba

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu Jumanne ile ulipotutoka kwa homa ya mapafu, homa uliyokuwa ukiiita "kikohozi tu, kitapita". Ulilala hospitali siku tisa. Siku ya tisa asubuhi ulimwambia muuguzi akupe miwani yake, maana skrubu ilikuwa imelegea, na wewe kitu kama hicho hukuweza kukitazama ukanyamaza. Uliikaza kwa ukucha. Mchana hukuwapo tena.

Tunaandika hapa gazetini ili na wateja wako wasome. Wao wanakukumbuka katika kile kiduka cha kutengeneza miwani, chenye upana wa mlango na dirisha, katikati ya fundi viatu na mtu wa fotokopi, lenzi yako ya kukuzia imekukaa kichwani kama kofia iliyokosewa, ukiisema miwani ya watu: "Mwenyewe wako anakulalia, eh? Na wewe unakubali tu?" Ukiona miwani chafu usoni kwa mtu, uliivua puani mwa mwenyewe, ukaifuta kwa pindo la blauzi, ukairudisha, hata kama mwenyewe ni mkaguzi wa kodi aliyekuja na sura ya kazi.

Sisi tunakukumbuka zaidi kwenye meza ya kulia. Na leo tunataka kukusimulia habari za Baba, kwa sababu uliondoka katikati na hukuuona mwisho.

Wengi hawajui kwamba Baba alikuwa fundi wa ndege za kivita miaka ishirini na sita, na kazi yake ilikuwa moja tu: kiti cha rubani, kile ambacho ndege ikiharibika angani humrusha rubani nje pamoja na mwavuli wake. Alipostaafu alikaa kwenye kochi. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mlevi, hakuwa na neno na mtu. Alikaa tu. Mikono yake ilipoanza kutetemeka aliificha chini ya mto wa kochi, na ukimuuliza hali alijibu, "Nipo."

Ndipo ulipokuja na lile boksi. Ndani yake kulikuwa na ndege ya kivita ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, vipande mia mbili na kitu, ndogo mara thelathini na mbili kuliko ndege halisi, na ya aina ileile aliyoihudumia.

"Nimekuletea ndege yako," ulimwambia.

Baba aliitupia jicho moja. "Hiyo si ndege. Hilo ni kopo la sabuni lenye mabawa."

"Basi nitaiunda mwenyewe."

"Unda."

Ukaunda. Karatasi ya maelekezo ilianza na chumba cha rubani, kwa sababu mwili wa ndege ukishagandishwa mkono hauingii tena mle ndani. Jumapili baada ya Jumapili, baada ya chakula cha mchana, ulikaa na kibano na bisibisi zako za miwani. Ulipaka dashibodi rangi nyeusi, ukapitisha brashi kavu yenye fedha kidogo juu ya swichi mpaka zikajitokeza moja moja. Kila saa ya dashibodi, ambayo haizidi punje ya mtama, uliidondoshea vanishi kwa ncha ya pini ili ing'ae kama ina kioo.

Na ulikosea. Ulikosea sana.

"Mkono wa kasi umeuweka kulia," Baba alisema siku moja kutoka kochini. "Mkono wake wa kulia umeshika usukani. Sasa kasi ataongeza kwa meno?"

"Kwani unakaa wapi?"

"Kushoto, mke wangu. Kushoto!"

Akainuka. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kumwona akiinuka bila kuitwa kula. Jumapili iliyofuata alivuta kiti akakaa mezani. Mpaka leo tunabishana kama kweli ulikuwa hujui, au ulikuwa unamtoa kochini kwa makusudi. Binti yako mkubwa, mwalimu wa udereva, anasema mtu anayekumbuka namba za lenzi za mtaa mzima hachanganyi kushoto na kulia.

Mlipofikia kiti, Baba aliondoka mezani.

"Hicho kiache," alisema.

"Ndege isiyo na kiti?"

"Nimesema kiache."

Akasimama dirishani, amekupa mgongo, akaanza kusema. Sisi tulikuwa jikoni tunaosha vyombo, tukafunga bomba ili tusikie.

Miaka thelathini kabla ya siku hiyo, ndege moja iliwaka moto dakika chache baada ya kupaa. Rubani alivuta mpini, kiti kikamrusha. Aliyekikagua kiti hicho mwisho na kutia sahihi alikuwa Baba. Kwa saa nne hakuna aliyejua kama rubani yu hai, na Baba alitapika nyuma ya banda la ndege. Rubani alipatikana hai, lakini goti la kulia lilikuwa limesagika, na hakuruka tena. Kiti kile kina mikanda miwili ya miguu, kila mmoja na bizimu yake ya kufungia. Kiti kikifyatuka, mikanda huivuta miguu nyuma isigonge dashibodi. Baba alijipigia hesabu peke yake, akaamini kwamba mkanda wa kulia hakuufunga sawasawa kwenye kiti. Hakuna aliyemshitaki, wala yeye hakuthubutu kuuliza. Rubani alihamishiwa hospitali ya mbali, na mambo yakaishia hapo.

"Nimemlemaza mtu," alisema, "na kesho yake nikaenda kazini kama kawaida."

Hukumbishia. Ulivichukua vile vipande kumi na vinne vya kiti, ukavilaza ndani ya kasha la miwani, ukalifunga. "Hiki utakifanya wewe," ulimwambia. "Siku utakayokuwa tayari. Mimi sina haraka."

Miezi mitano baadaye tukakuzika.

Baba alirudi kochini. Hakuturuhusu kuigusa meza, tukawa tunakula jikoni, wengine wima. Vidonge vya presha alivimeza akikumbuka, na hakukumbuka. Kitinda mimba wako, yule mpishi wa hospitali, alileta chakula kila jioni akakikuta cha jana. Mwezi wa nne daktari alimwambia bila kuzunguka, "Mzee, ukiendelea hivi mwaka huu huumalizi." Baba alijibu, "Sawa," kama mtu aliyeambiwa basi litachelewa.

Mwezi uliofuata binti yako mkubwa alikwenda kufunga duka lako. Alikuta miwani kumi na moja imeshatengenezwa, kila moja na namba ya simu ya mwenyewe. Akapiga, wakaja. Wa mwisho alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo, mguu wa kulia haukunjiki. Alivaa miwani yake, akatikisa kichwa kwa nguvu kuona kama itaanguka. Haikuanguka. Akaketi kwenye stuli yako bila kukaribishwa.

"Mama yako aliniambia siku moja nitaalikwa kwenu," alisema. "Nikamuuliza lini. Akasema, mume wangu akigusa kiti."

Binti yako aliliweka chini boksi alilokuwa amelibeba. "Kiti gani, mzee wangu?"

"Hata mimi mwanzoni sikuelewa. Nilimsimulia tu mguu huu ulivyoharibika, nilivyorushwa kutoka kwenye ndege. Akauliza mwaka gani. Kambi gani. Kisha akakaza skrubu ya miwani yangu, akailegeza, akaikaza tena. Ndipo akaniambia mumewe ni nani. Tangu hapo kila nikija ananihoji: Buti zako zilikuwa zinachubua sakafu wapi? Vidole vilizoea swichi ipi?"

Kumbe ulijua, Mama, ukanyamaza. Ulitaka Baba aanze mwenyewe. Lakini binti yako hana subira yako. Anashinda kutwa na watu wanaosita kwenye makutano ya barabara, na amechoka nao. Jumapili ile, saa nne asubuhi, alimleta rubani nyumbani.

Baba alikuwa kochini na fulana ya ndani.

"Fundi wa viti," rubani alisema mlangoni.

Jina hilo hatukuwahi kulisikia ndani ya nyumba. Baba alisimama, akanyooka, akasahau kuficha mikono. "Afande."

"Uafande umekwisha, mimi sasa ni babu wa watu. Naweza kukaa? Mguu huu haupendi kusimama."

Baba alimsogezea kiti. Macho yake yalikuwa kwenye goti lile. Baadaye alituambia kwamba alitamani ardhi immeze, na papo hapo akaona afadhali, kwamba sasa atalisema na liishe.

"Ni mimi," alisema. "Mkanda wa kulia. Mimi ndiye niliyekagua."

"Ndiyo, ulikagua wewe. Sahihi yako niliiona."

"Sikuufunga sawasawa."

"Wewe uliufunga sawasawa. Mimi ndiye sikuuvaa."

Rubani aligonga goti lake bovu kwa fimbo.

"Tuliitwa mbio asubuhi ile," rubani aliendelea. "Nikapanda, nikafunga mabega, nikafunga kiuno. Mwenzako akaja kwenye ngazi anifunge miguu, nikampungia mkono ashuke, nikamwambia nitafunga mwenyewe. Sikufunga. Niliandika yote kwenye ripoti, kwa mkono wangu. Hukuisoma?"

"Ripoti hazikuwa zikitufikia sisi wa chini."

"Miaka yote hii?"

"Thelathini na mmoja."

Tulidhani Baba atalia. Badala yake aliwaka.

"Bizimu mbili!" alifoka. "Bizimu mbili, afande, kazi ya sekunde tatu! Mimi miaka thelathini na mmoja silali vizuri kwa sababu wewe uliona uvivu kuinama?"

Binti yako alisogea katikati akidhani kutapigwa mtu. Rubani hakujitetea.

"Nisamehe, fundi. Niliona aibu. Nilijua kuna mtu wa kumshukuru, lakini kila nikitaka kukutafuta nakumbuka kwamba itabidi nikueleze upumbavu wangu." Alivua miwani akaifuta kwa shati, vibaya kabisa, ungekuwapo ungemnyang'anya. "Watoto wangu watatu wote wamezaliwa baada ya siku ile. Kiti chako kilifyatuka."

Hapo ndipo Baba alipolia. Alilia kwa sauti, amesimama katikati ya sebule, rubani amemshika bega. Binti yako alikimbilia jikoni kuweka chai ambayo hakuna aliyeiomba, akakaa nayo muda mrefu kabla ya kugundua kwamba hajawasha jiko.

Walipotulia, Baba alikwenda mezani, akafungua kasha la miwani. Rubani yeye aliinamia chumba cha rubani ulichokifanya, kisichozidi kiberiti, akakitazama kwa lenzi yako mpaka shingo ikamuuma.

"Ameichubua rangi palepale," alisema polepole. "Palepale nilipokuwa nakanyaga."

Kiti kiliwachukua Jumapili saba. Mmoja haoni karibu, mwingine anatetemeka, lakini kati ya wawili wale alipatikana fundi mmoja. Rubani alishika kiti kwa kibano, Baba akalaza kiwiko juu ya taulo lililokunjwa, akausubiri mtetemo upungue, akagusa, akasubiri tena. Mto walipaka kijani iliyopauka, na kingo wakazitia kahawia kidogo panapochakaa kwa mgongo. Mpini wa kuvuta waliukunja kwa waya wa fremu ya miwani iliyokufa, wakauchora mistari ya njano na nyeusi. Mikanda waliikata kutoka kwenye karatasi ya fedha ya vidonge vya presha, na hapo ndipo tuliposhangaa: Baba hakosi kidonge tena, maana anaihitaji karatasi. Ameharibu mikanda mingi sana. Daktari amefurahi.

Walibishana pia, usiombe kuwapo.

"Saa hii kwangu ilikuwa imekwama kila siku," rubani alisema akionyesha dashibodi kwa kijiti cha meno.

"Kambi yetu haikuwa na saa iliyokwama. Uliiandika wapi?"

"Kwenye ripoti."

"Ripoti tena!" Baba alicheka mpaka brashi ikamtoka mkononi. Kicheko hicho, Mama, tulikuwa hatujakisikia tangu uondoke.

Mikanda ya miguu aliiacha ya mwisho, na hakukubali kusaidiwa. Kila mmoja ni mwembamba kama unywele uliopigwa pasi, na una bizimu yake. Ilimchukua mchana mzima. Wa kulia ulimponyoka mara nne, mara nne akaurudia, jasho likimtiririka, na sisi tumekaa ukutani tunaogopa hata kukohoa. Uliposhika, aliegemea nyuma, akaomba chakula.

Jumapili iliyopita tulikusanyika wote. Walikiingiza chumba cha rubani ndani ya mwili wa ndege, wakapaka gundi, wakaunganisha pande mbili. Rubani alichungulia kwa juu, akageuza kichwa huku na huku.

"Fundi, mikanda ya miguu haionekani. Hata ukimulika tochi."

"Najua."

"Sasa tumehangaika nayo ya nini?"

"Bana hapo," Baba alimwambia. "Kwa vidole vyote. Usiachie mpaka nikwambie."

Rubani akabana. Baba aliitazama saa ya ukutani, mikono yake miwili juu ya meza, wazi, inatetemeka itakavyo. Dakika moja ikapita. Ya pili ikapita. Rubani alimtupia jicho la kuomba huruma, Baba akajifanya hamwoni. Tulipoanza kucheka akatunyamazisha kwa kidole.

"Haya," alisema mwishowe. "Achia."

Iligandana vizuri, Mama. Bado mabawa.

Ni sisi tunaokukumbuka: mumeo, fundi wa viti; binti yako mkubwa na mumewe; kitinda mimba wako; dada yako, ambaye bado anavaa miwani uliyomtengenezea na hataki nyingine; wajukuu wako wanne; na rubani, aliyeomba aandikwe hapa pamoja na familia, na Baba amekubali.

Tuko nawe kila siku, na hakuna siku tutakayokusahau.