Mkono wa Aïcha Mwenyewe

Commune ya Kisangani,
Kisangani,
2 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Safiya,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na ile miguu iliyokuwa ikikuvimba? Baridi ya Lubumbashi imeshaanza? Sisi huku ni wazima. Mke wangu Hadidja aliugua malaria wiki mbili zilizopita, lakini amepona na ameshaanza kunigombeza. Mwanao Aïcha anakula vizuri, na mitihani yake chuoni inaanza tarehe kumi.

Bati la jikoni lililokuwa likivuja nimelibadilisha.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Unataka nipige ramli juu ya Aïcha na Osée, yule kijana wa Yanonge anayepakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka na ambaye anataka kumwoa. Unataka niipige bila Aïcha kujua, kisha nimwambie kwamba mchanga umekataa. Hilo silifanyi, na sababu ninakueleza.

Kazi yenyewe unaijua, tuliiona kwa papa mzazi wetu tukiwa wadogo. Mwenye swali anaweka kiganja kwenye sinia la mchanga, anatia nia yake kimya, kisha anachora kwa kidole mistari kumi na sita ya nukta bila kuhesabu. Mimi ninafuta mbili mbili, ninaangalia kama imebaki moja au mbili, halafu ninasoma. Mchanga unaujibu mkono uliougusa. Kwa miaka ishirini na miwili nimewasomea watu wengi, na usomaji wangu haunitii wasiwasi. Kosa kubwa nimefanya moja.

Mwaka jana, mwezi wa pili, alikuja Vicky, muuguzi wa Mangobo, pamoja na mama mkwe wake, Mama Angélique. Vicky alikuwa amepata kazi katika kituo kimoja cha afya upande wa Yanonge, mbali na mumewe, na alitaka kujua kama aende. Alikuwa amembeba mtoto wake wa miezi miwili.

"Papa Idrissa, huyu mikono yake imejaa," Mama Angélique akasema. "Mimi nitamchorea. Si tuko nyumba moja?"

Nikamruhusu. Akachora mistari yote, nikasoma: njia imefungwa. Nilisoma sawasawa, ila nia ilikuwa ya mtu mwingine. Vicky hakwenda, na kazi akapewa mwenzake. Baada ya miezi mitatu nilimkuta Mama Angélique sokoni, kwenye meza za samaki, akiwachekesha wauzaji.

"Kama haikuwa huu mukono," alisema akiuinua juu, "saa hii mutoto yangu iko anajipikia majani ya pondu peke yake."

Nilikwenda Mangobo siku hiyohiyo, nikamweleza Vicky kwamba niliyemsomea alikuwa mama mkwe wake. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifua.

"Bon. Na ile kazi, Papa Idrissa, utanirudishia?"

Tangu hapo hakuna anayemchorea mwenzake kwenye sinia la papa, hata akiwa mama yake mzazi.

Kwa hiyo nilimwambia Aïcha ulichoniomba. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Noko," maana huku mjomba ndivyo wanavyomwita, "mama iko anaogopa kunikatalia ye mwenyewe, donc basi anatuma muchanga?"

"Mama yako anakupenda."

"Najua. Ndiyo maana sijakasirika. Leta sinia."

Ijumaa baada ya swala alinawa mkono, akakaa mbele yangu, akachora mistari yote kumi na sita bila kusita. Nilisoma na kumwambia kila nilichokiona. Jibu ni lake, nawe hutalipata kwangu.

Kuhusu Osée nakuandikia nilichokiona kwa macho, bila mchanga. Amefika hapa mara nne, mchana, kwa mlango wa mbele. Hanywi pombe. Najua linalokuuma: ni Mkristo. Nilimuuliza kama atabadili dini, akanijibu kwamba hawezi kuniahidi jambo ambalo hana uhakika nalo. Kama hilo kwako ni kizuizi, una haki ya kulisema. Mwambie mwanao kwa mdomo wako.

Aïcha ameniruhusu nikuandikie kitu kimoja tu, nacho ni swali lake. Mtu ana haki ya kulificha, lakini alisema nikupe. Mimi nilidhani ameuliza kama aolewe na Osée. Aliuliza kama mama yake atakuja harusini.

Hilo, Safiya, wewe unaweza kulijibu bila kugusa mchanga. Aïcha hutoka chuoni saa kumi na moja, na simu yake huwa mkononi. Hadidja amekifagia chumba chako cha zamani bila kuniuliza.

Nisalimie mwanao Baraka na mkewe, na mzee Hilaire jirani yako kama bado anakuletea mboga. Hadidja anakusalimu, na Aïcha anakusalimu zaidi. Mungu akutulize miguu na akufungulie njia ya kuja huku.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapokukatalia,

Idrissa